Lita Thelathini

Sehemu ya Nne

Aliyeanza nami tangu mwanzo anakijua kiapo changu. Aliyenikuta leo nitamweleza kwa kifupi, maana kila nikikirudia kinaniuma upya.

Mimi ni Tupokigwe. Nina miaka arobaini na tisa na nasoma kidato cha pili, masomo ya jioni, pale Boko. Naishi Mbweni kwa mdogo wangu Rogers, ambaye nilimbeba mgongoni Tukuyu mpaka alipoanza kunikojolea makusudi. Niliishia darasa la saba ili yeye asome. Akasoma. Siku hizi ni mkurugenzi msaidizi wa kitu fulani, na huniita dada mbele za wageni tu. Wageni wakishaondoka, mimi ni "hebu zima hilo jiko."

Rogers aliona tangi la samaki wa baharini sebuleni kwa bosi wake. Akataka na lake liwepo siku ya kipaimara ya binti yake, Bupe. Mezani nikasema nitawalea mimi, kwa kuwa viumbe wa majini tumewasoma kwenye Baiolojia.

Mke wake, Clara, alicheka mpaka akaweka uma chini.

"Sawa, msomi," Rogers akasema. "Samaki wawili, siku ishirini na mbili. Wakifika hai siku ya kipaimara, Novemba nenda kafanye Mtihani wako wa Maarifa wa kidato cha pili, na hakuna atakayekuuliza chakula cha jioni. Wakifa, madaftari unayafungia sandukuni na jioni zako zinarudi jikoni. Haya, apa."

Niliapa. Kwa jina la Bwana, mbele ya mtoto.

Kesho yake nilikuwa kwenye kibanda cha Mwishehe, njia ya Tegeta. Mwishehe ni fundi vioo. Anatengeneza matangi na kuuza samaki wa rangi. Mbele yangu kulikuwa na matangi mawili. Moja refu kama kabati lililolazwa, lita mia mbili. La pili dogo, lenye pembe za mviringo na taa ya buluu, lita thelathini.

"Chagua lolote," Rogers alikuwa ameniambia. "Wewe si ndiye mwanasayansi?"

Mwishehe alifuta mikono kwenye suruali. "Mama'ngu, umeshawahi kufuga wa baharini?"

"Hii ndiyo mara ya kwanza."

"Basi hilo kubwa ndilo lako."

Nilimtazama. Nikaona mtu anayetaka kuuza kioo kingi.

"Mtu anayeanza, kaka, huanza na kidogo."

"Kwa kuku, sawa. Kwa maji ya bahari ni kinyume. Hilo dogo ni la mtu aliyebobea. Ukizidisha kijiko cha chumvi kwenye kibakuli cha mchuzi, mchuzi umeharibika. Ukikizidisha kwenye sufuria la shughuli, nani atajua?"

Nakiri leo. Mtu yule alinipa ukweli wote, bure, kwa dakika mbili. Nami muda wote huo nilikuwa natazama kandambili zake. Moja ya kijani, moja ya buluu. Nikasema moyoni, huyu ndiye anifundishe mimi, mtu wa kidato cha pili?

Clara akapiga honi kutoka kwenye gari. "Wifi! Usije ukatuletea mtumbwi sebuleni!"

Nilisogea nyuma ya kibanda, nikafumba macho, nikamwomba Mungu anionyeshe lipi nichukue. Tayari nilikuwa nimeshatoka pale na lile dogo moyoni. Sala ile ilikuwa ya kumjulisha tu.

Mwishehe alinichagulia samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, urefu wa kidole. Niliwaita Isaka na Rebeka.

"Wanakaa kwenye glasi ya juisi," Rogers alisema walipofika. Akaondoka zake bila kuwatazama mara ya pili.

Wiki ya kwanza waliishi kama wafalme. Nilikuwa nawasomea zaburi asubuhi, nawalisha chembe tatu tatu, kisha nakwenda kupika. Nikawa naingia darasani kichwa juu.

Mwalimu wetu wa Baiolojia ni Sadallah. Ana miaka ishirini na sita na kidevu ambacho hakijaamua kama kitaota ndevu. Akiingia hutuamkia shikamoo sisi watu wazima, kisha sisi tunasimama na kumwamkia kama watoto. Mimi nilikuwa nasimama nusu. Nilimwona mtoto aliyekaririshwa.

Jumatano moja alileta glasi na ndoo. Alikuwa amezijaza maji ya chumvi ya namna moja, akaziweka dirishani tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Ndoo ilionekana bado imejaa. Glasi ilikuwa imebaki nusu.

"Mama Tupo, wewe una samaki wa baharini. Njoo uonje hii glasi, kisha uonje ndoo."

"Mimi sionji maji ya dirishani, mwalimu."

Darasa likacheka. Nikafurahi kwamba limecheka.

Hakukasirika. "Basi andikeni. Jua linachukua maji peke yake. Chumvi inabaki. Kwenye ndoo huoni tofauti, kwenye glasi..."

Nilikuwa nimeandika tarehe na kichwa cha habari, *Maji na chumvi*, nikakipigia mstari kwa rula. Sikuandika kilichofuata. Nilifunga daftari. Mimi ndiye mwenye samaki, sasa mwenye ndoo anifundishe nini?

Ukurasa ule ulibaki mweupe. Ukumbukeni, maana utarudi.

Siku ya tisa maji ya tangi yalikuwa yamepungua vidole viwili. Sebule ya Rogers ina kiyoyozi, lakini huwashwa wageni wakija. Siku nyingine joto la Oktoba linaingia na kukaa kwenye kochi kama mwenye nyumba.

Nilifanya ambacho mtu yeyote mwenye bahari nyuma ya nyumba angefanya. Nikachukua dumu, nikashuka ufukweni, nikateka, nikajazia. Samaki wa bahari, maji ya bahari. Nani atanikosoa?

Kesho yake yamepungua. Nikajazia tena. Na keshokutwa. Kila siku naongeza bahari mpya juu ya bahari ya zamani, na kila siku nikijisifu kwa miguu yangu yenye mchanga.

Ukingo wa tangi ukaanza kufanya ukoko mweupe.

"Wifi," Clara akasema huku akipaka rangi kucha, "tangi lako linaota mvi. Limekuiga wewe."

"Ni kawaida ya bahari."

"Mwalimu ndiye kasema?"

"Baiolojia siyo mambo ya saluni, wifi."

Nikaufuta ule ukoko kwa kanga. Sikuuonja.

Siku ya kumi na sita Rebeka akaanza kuogelea kiubavu. Chakula akakiacha kipite mbele ya uso wake kama mtu aliyesusa. Ningeweza kwenda Boko kumuuliza mwalimu. Ningeweza kwenda kwa Mwishehe. Badala yake nilitangaza mfungo wa siku tatu.

Msinielewe vibaya. Sala ni pumzi yangu hata leo. Lakini siku zile nilikuwa nasali ili nisilazimike kuwauliza watu wawili niliowadharau.

Siku ya tatu ya mfungo ilikuwa Alhamisi. Kipaimara Jumapili. Rebeka alikuwa amelala kwenye mchanga. Hapo nikakumbuka chupa yangu ya mafuta ya upako.

Ni mafuta ya mzeituni, tuliyaombea na akina mama wenzangu wa kikundi cha maombi. Mgonjwa tunampaka kwenye paji la uso. Samaki hana paji la uso.

Nikamimina majini. Sikudondosha, nilimimina. Imani yangu siku ile haikuwa na kijiko.

Mafuta yakatanda kutoka ukingo hadi ukingo, yakang'aa chini ya ile taa ya buluu. Baada ya muda Isaka akapanda juu. Akaanza kufungua mdomo na kufumba. Kufungua na kufumba, haraka haraka.

Nikapiga magoti kwa furaha. "Bupe! Bupe, njoo uone! Isaka anaomba pamoja nami!"

Bupe akaja mbio. Ana miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyemfundisha Amri Kumi jikoni, mwiko ukiwa mkononi. Akainama karibu na kioo.

"Shangazi, mbona kama anakosa pumzi?"

"Nyamaza. Hayo ni mambo ya rohoni."

"Na Rebeka je?"

Rebeka hakuwa anaomba wala kupumua. Alikuwa amegeuza tumbo.

"Amepumzika," nikasema. "Kasome katekisimu yako."

Alipoondoka nilimtoa kwa kijiko cha uji. Nikatafuta karatasi ya kumfungia. Mkono ukafungua daftari la Baiolojia, ukachana ukurasa uliokuwa hauna kazi. Nikamkunja humo, nikamzika kwenye pipa la taka la nje, chini ya maganda ya ndizi. Kisha nikajaza chupa maji ya tangi, nikatoka mbio kwenda Tegeta.

Mwishehe alichovya kidole ndani ya chupa, akakilamba, akatema mate mbali.

"Lahaula! Mama'ngu, hii siyo bahari. Humu ulikuwa unakausha samaki ng'onda wakiwa hai. Umejazia nini?"

"Maji ya bahari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanitazama usoni, nami nikakwepa macho. "Maji yakipungua unajazia ya bomba, yaliyolala kwenye ndoo. Yasiyo na chumvi! Chumvi haijaenda popote. Hata mtoto wa shule anajua."

Mtoto wa shule nilikuwa mimi.

Akapangusa vidole. "Na hiki kinachonata?"

"Upako."

"Wa nazi au wa alizeti?"

"Mzeituni."

"Basi wamekaangwa kwa mafuta ya bei."

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Nililia. Mwishehe akanisogezea kiti cha plastiki, akasubiri nimalize, bila kuniambia nyamaza.

"Yule mmoja bado hai?"

"Anahema."

"Sikiliza. Mafuta yavute kwa gazeti, uliburuze juu ya maji mpaka liache kung'aa. Chota maji kidogo, weka ya bomba yaliyolala kidogo, kutwa nzima, usimshtue. Na lile kubwa bado lipo. Sema neno, guta linalifikisha leo hii, na mie nakuja kulijaza mwenyewe."

"Na nipe samaki mwingine. Anayefanana na Rebeka."

Mwishehe alikuwa ameshaelewa.

"Ninaye. Lakini yule wako na huyu hawajuani. Kwenye kubwa kila mmoja atapata kona yake. Kwenye hicho kikombe chako watatoana macho."

Nilisimama mbele ya matangi yale yale mawili kwa mara ya pili. Mungu alikuwa amenirudisha kwenye swali lile lile, kama mwalimu mwenye huruma anayemrudishia mwanafunzi karatasi ajisahihishe.

Nikafikiri hivi. Tangi kubwa litaonekana. Rogers atauliza limetoka wapi na kwa nini. Itabidi niseme nilikosea, nilionywa mara mbili, na mmoja amekufa. Lakini samaki wa chungwa akiwekwa mahali pa samaki wa chungwa, nani atauliza?

"Nipe samaki tu."

"Mama'ngu, nakwambia kwa mara ya pili."

"Nilisikia ya kwanza."

"Ungesikia, ungekuwa hapa?"

Nikachukua mfuko wangu wa maji, na kiumbe ndani yake, nikaondoka.

Gazeti lilivuta mafuta. Maji ya bomba yalipunguza chumvi. Kufikia Ijumaa jioni Isaka alikuwa anaogelea wima, nami nikamwachia mgeni ndani. Isaka alimzunguka mara moja, akamng'ata mkia.

Jumapili ibada ilikuwa nzuri. Bupe alipiga magoti na gauni lake jeupe, mchungaji akamwekea mikono kichwani. Nilitoa machozi, nikajiambia ni ya furaha.

Mchana nyumba ilijaa. Kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma. Bosi wa Rogers alikaa kwenye kochi kubwa, mzee wa kanisa pembeni yake, na sahani zilikuwa hazitoshi. Rogers akagonga glasi kwa kijiko.

"Ndugu zangu, kabla hatujaagana. Huyu dada yangu mnayemwona na aproni ni mwanafunzi. Msicheke! Mwaka wa kesho huenda akawa daktari." Wakacheka. "Alisema atalea samaki wa baharini. Nikamwambia, dada, wewe hata maharage huwa yanakuungulia."

Hayajawahi kuniungulia. Aliyeunguza maharage katika nyumba ile ni Clara, tena ya kwenye kopo.

Wakasogelea tangi. Isaka alikuwa amembana mgeni kwenye pembe, anampiga kwa kichwa.

"He! Mbona Isaka anampiga mkewe?" Clara akauliza, akinitazama mimi, siyo samaki.

"Ndoa changa hizo," bosi akasema. "Watazoeana."

Kicheko kikajaa chumba. Nikacheka nao. Jasho lilikuwa linanishuka mgongoni, na kiyoyozi kikiwaka.

Rogers hakucheka. Akaegemea kabati. "Dada, wewe ni mtu wa Mungu. Tuambie mbele ya mzee wa kanisa. Hawa ndio wale wale wa siku ya kwanza?"

Ningesema hapana, madaftari yangeingia sandukuni. Jioni ile ile. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kati yangu na ukweli, sanduku la bati na kufuli lake.

"Ndio wale wale," nikasema.

Rogers akainua mikono. "Basi nimeshindwa! Novemba dada yangu anafanya mtihani. Bosi, wewe ni shahidi."

Wakapiga makofi. Hata Clara alitoa kigelegele, kifupi na kikavu. Nilimtazama mdogo wangu kutoka juu, kama wakati ule nilipokuwa namfuta kamasi. Nikaonja utamu wa kumdharau mtu aliyeshindwa. Ulikuwa mtamu. Sitawadanganya na hilo.

Niliingia jikoni na sahani mikono miwili. Bupe alikuwa amesimama kando ya mlango wa nje, na gauni lake jeupe, mkono mmoja nyuma.

"Shangazi, paka alikuwa anavuta kitu kwenye pipa."

"Mfukuze."

"Nimeshamfukuza."

Akaleta mkono mbele. Harufu ilifika kabla sijaona. Karatasi iliyokunjwa mraba, imelowa, na juu yake mwandiko wangu mwenyewe, uliopigiwa mstari kwa rula. *Maji na chumvi*. Chini yake hapakuwa na neno.

Niliweka sahani chini, moja moja.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Ulikuwepo sebuleni baba yako aliponiuliza?"

"Nilikuwepo." Macho yake yalikuwa makavu. Afadhali angelia. "Leo asubuhi nimewekewa mikono kichwani, shangazi. Amri ya nane, usishuhudie uongo, nilijifunza kwako, hapa hapa. Baba akiniuliza, mimi nisemeje?"

Niliusukuma mlango wa sebuleni ufungike.

"Dada!" Sauti ya Rogers ikatoka sebuleni, imejaa uchangamfu wa wageni. "Dada Tupo! Njoo utufungie kwa sala, watu wanaondoka! Na uwataje hao samaki wako!"

Bupe alinishika mkono. Akaweka ile karatasi kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama mimi nilivyokuwa namfundisha kushika penseli. Akatangulia.

Nilisimama kando ya tangi. Bosi akaweka glasi chini. Mzee wa kanisa akavua miwani. Vichwa vikainama vyote, na hata kichwa cha Rogers kikainama. Ndani ya lita thelathini Isaka alikuwa bado anamfukuza mgeni, kutoka pembe hadi pembe, na mgeni hana pa kwenda.

"Bwana," nikaanza, "wewe unayeona yote..."

Nilifungua macho.

Chumba kizima kilikuwa kimefumba macho, kinanisubiri. Isipokuwa Bupe.